Maua ya joto kwenye baridi ya Makete, na ukuta niliouelekeza vibaya

Mvua zimekatika, viazi vya mwisho vinatoka shambani, na jana alfajiri nimeona mvuke ukinitoka mdomoni nikiwa bado ndani ya nyumba. Maana yake msimu wa simu umeanza. Simu za kipindi hiki huwa za aina mbili. Mwenye parachichi anauliza afunike miche kwa kitu gani, na mwenye maua anauliza kwa nini bogenvilia aliyoitoa Dar es Salaam imebaki vijiti. Wenye parachichi nimeshawaandikia mara nyingi. Leo ni zamu ya wenye maua, na itanibidi nieleze jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa, kwa sababu mkosaji ni mimi.

Katika kata ninayohudumia kuna mama mwenye kitalu kando ya barabara. Miaka yote ameuza paina, milingoti na parachichi. Mwaka juzi akaona kitu ambacho wengi wetu tulikuwa tunakipita tu: watu wamepata hela za mbao na viazi, wanajenga, na kila aliyewahi kufika Dar au Morogoro anataka getini kwake kuwe na maua mekundu kama yale aliyoyaona huko. Huku kwetu yakipatikana ni ya kubahatisha. Akachukua mkopo wa shilingi 400,000 kwenye kikoba, akaagiza miche 120 ikaja kwa basi mwezi Machi: bogenvilia 70, haibiskasi 40, na plumeria 10, ile yenye maua meupe yenye kiini cha njano na harufu tamu, inayopendwa sana kwenye hoteli za Pwani.

Akanipigia. "Bwana shamba, mwanangu, hivi vitu vitapona baridi?"

Ningeweza kumjibu kwamba sijui. Stashahada yangu ni ya mahindi, maharage na viazi. Maua tulisoma wiki mbili, na hayo yenyewe yalikuwa waridi wa kukata wa kusafirisha nje. Lakini bwana shamba akiulizwa na mtu aliyekwisha kukopa, neno "sijui" huwa zito mdomoni. Nikamwambia nipe siku mbili mama, nikasome.

Nikasoma kweli. Wanaojua sana kulinda maua ya joto dhidi ya baridi ni watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, kwa sababu huko asiyelinda hana kitu. Wanapanda haibiskasi na bogenvilia kwenye vyungu. Majira ya joto vyungu vinakaa nje, na kabla sakitu ya kwanza haijaanguka vinaingizwa ndani, mmea unapogolewa, maji yanapunguzwa mno, na unaachwa ulale hadi majira ya kuchipua. Desturi hii ni ya zamani. Kwenye kasri la Versailles nchini Ufaransa, mfalme Louis XIV alijengewa jumba maalumu la kulaza michungwa na mimea mingine ya joto wakati wa baridi. Lilijengwa kati ya 1684 na 1686, lina kuta nene na madirisha makubwa yanayotazama kusini, na hadi leo miti hiyo hutolewa nje kwenye makasha yake ikifika Mei, ikarudishwa ndani Oktoba.

Nikaandika maelekezo ukurasa mzima. Miezi niliigeuza, sikuwa mjinga kiasi hicho: walipoandika Oktoba mimi nikaweka Mei. Walipoandika mimea ikae kwenye ukuta unaotazama kusini, nikaandika kusini.

Kama umeshagundua kosa, wewe umenizidi akili ya siku ile. Wao wapo kaskazini mwa dunia, kwa hiyo jua lao la baridi linapita upande wa kusini. Sisi Makete tupo takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na Juni jua letu linapita kaskazini. Simama uani saa 6 mchana mwezi wa Juni utazame kivuli chako: kinalala kusini. Na kivuli cha nyumba kinalala huko huko. Mimi nilimwambia mama wa watu apange miche yake yote nyuma ya nyumba, upande wa kusini, ambako kuanzia Mei hadi Agosti jua lilikuwa haligusi ukuta ule. Matofali ya kuchoma ni kama jiwe la kuotea moto, yanapokea joto mchana na kulitoa usiku. Yale ya nyuma hayakuwa yamepokea kitu.

Sakitu ilianguka usiku mmoja wa wiki ya tatu ya Juni. Aliponipigia saa 1 asubuhi nilijua kabla sijapokea. Nilipofika majani ya haibiskasi yalikuwa ya kijani cha ajabu, yanang'aa, kama mboga iliyotoka sasa hivi sufuriani. Wanaoona hivyo kwa mara ya kwanza hudhani mmea umepona. Hayo majani yamekwisha. Maji yaliyomo ndani yameganda na kupasua kila kitu, na barafu ikiyeyuka jani halina tena kinachoweza kulishika. Kufikia saa 5 yalikuwa meusi.

Baada ya wiki mbili tulihesabu waliobaki hai: bogenvilia 26, haibiskasi 5, plumeria 3. Jumla 34 kati ya 120. Mama hakunigombeza. Alikuwa ameinama anakung'uta udongo kwenye viriba vilivyokufa ili viriba vitumike tena, akasema bila kuniangalia, "Mwanangu, kikoba ni Alhamisi."

Nilimlipia marejesho matatu. Sijisifu, nisingeweza kuipita barabara ile kwa pikipiki ya kazi kila siku nikijua. Yaliyobaki aliyalipa kwa kuuza mbuzi wawili. Na alipomaliza kulipa akaniambia jambo ambalo sikulitegemea: anataka kujua ni kwa nini hasa, maana wateja bado wanayaulizia maua.

Basi tukaanza upya, kabla baridi haijaisha, kwa sahani. Hii nawashauri wote, hata wa parachichi. Jioni ya usiku ambao anga ni safi, hakuna wingu wala upepo, chukua sahani za bati, tia maji kina cha kidole kimoja, ziweke sehemu mbalimbali za uwanja wako: mbele ya nyumba, nyuma, juu ya mteremko, chini ya mteremko, chini ya mti, karibu na uzio. Amka kabla ya jua kutoka ukazitazame. Sisi tuliweka saba. Mbili zilikuwa na barafu nene ya kuweza kuinua kama kioo, moja utando tu, na nne zilikuwa maji matupu. Uwanja ni mmoja, hatua arobaini toka mwanzo hadi mwisho.

Zile mbili zilikuwa pale pale nilipomwekesha miche. Sababu ya kwanza nimeshaieleza. Ya pili ni kwamba hewa ya baridi ni nzito na inatiririka kama maji, inashuka mteremko na kujaa bondeni. Ndiyo maana viazi vya kwenye vinyungu vinaungua na vya mlimani vinapona, jambo ambalo wazee wanalijua kuliko mimi. Sasa nyuma ya nyumba ya mama, upande wa chini, kuna uzio mnene wa miti iliyopandwa kwa ustadi hadi kuku hapiti. Hewa ya baridi ikifika pale inakwama kama maji kwenye bwawa, na miche ilikuwa imesimama ndani ya bwawa lenyewe. Tulikata mwanya wa hatua tatu kwenye uzio, na usiku uliofuata tukarudisha sahani. Moja ikabaki na utando. Mume wake hakufurahia mwanya ule na mpaka leo ananilaumu kuhusu mbuzi.

Sababu ya tatu ilikuwa nailoni. Nilimwambia afunike kwa nailoni, akafunika, lakini ilikuwa imelala juu ya majani. Nailoni haina joto lake yenyewe. Ikigusa jani, jani hilo linapoa pamoja nayo. Kifuniko kinatakiwa kisimame juu ya mmea bila kuugusa, na kishuke mpaka chini pande zote, kwa sababu joto tunalolitafuta linatoka ardhini. Mwamvuli unaofunika kichwa cha mmea na kuacha pembeni wazi unasaidia kidogo tu. Mianzi huku kwetu haikosekani, hata kama wengi tunaikumbuka kwa ajili ya ulanzi. Pinda fito zake ziwe upinde juu ya tuta, tandika juu yake blanketi kuukuu, viroba vilivyofumuliwa au nyasi za kuezekea. Funika saa 11 jioni, jua likiwa bado lipo, ufungie ndani joto la mchana. Funua saa 3 asubuhi. Asiyefunua anapika miche yake, kwa sababu mchana wa Juni jua letu ni kali hata kama wewe umevaa sweta.

Ya nne inaniuma zaidi, kwa sababu ni kosa la kitaalamu na siwezi kulisingizia Ulaya. Aprili nilimwambia aweke urea kidogo ili miche ichangamke. Ikachangamka. Ikaingia Juni na machipukizi laini yaliyojaa maji, na hayo ndiyo chakula cha kwanza cha sakitu. Mmea unaokwenda kwenye baridi unatakiwa uwe mgumu na umekomaa gome. Kuanzia Machi achana na mbolea ya kukuzia, na usipogoe, maana ukipogoa unauita uchipue.

Kuna jambo la matandazo ambalo litawashangaza, kwa sababu sisi maafisa ugani ndio tunaohubiri matandazo kila mkutano. Usiku wa sakitu, udongo ulio wazi na wenye unyevu unalinda mmea kuliko udongo uliofunikwa nyasi kavu. Nyasi zinazuia jua lisiupashe udongo mchana, na usiku zinazuia joto lisipande juu. Kwa hiyo ikifika Juni sogeza matandazo pembeni ya shina, mwagilia udongo kidogo mchana, na uache jua lifanye kazi. Usimwagilie jioni na usilowanishe majani. Kwa miche ya kwenye viriba ni tofauti kidogo: kiriba kinapoa toka pande zote, mizizi haina pa kujificha. Tulichimba sanduku la mbao, tukapanga viriba, tukajaza maranda ya kiwanda cha mbao katikati yake hadi shingoni, juu tukaacha udongo wazi.

Maji pia nilipotosha. Maelekezo yale ya Ulaya yanasema mnyime maji kabisa, kwa sababu mmea wao uko ndani gizani, umelala, na udongo wa baridi uliolowa unaozesha mizizi. Baridi yetu si ya namna hiyo. Usiku wetu unaganda, lakini mchana ni jua na upepo mkavu, na kiriba kidogo kinakauka kwa siku tatu. Baadhi ya bogenvilia tulizodhani zimeuawa na sakitu ziliuawa na kiu. Sasa mama anatia kidole kwenye udongo hadi kifundo cha kwanza. Kukiwa kukavu anamwagilia, saa 5 au saa 6 mchana, kikombe kimoja.

Mimea yenyewe haifanani. Bogenvilia ndiyo ngumu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na ikishakuwa na shina nene la mti huweza kuunguzwa majani yote na sakitu nyepesi, kisha Septemba ikachipua kama hakuna kilichotokea. Hatari ni mwaka wa kwanza na wa pili. Tena ile rangi nyekundu unayoiona si ua, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe cha katikati. Mteja akijua hilo hashangai akiona rangi inadumu wiki nyingi. Nayo ikibanwa maji kidogo, bila kuuawa, inatoa rangi zaidi, kwa hiyo anayeimwagilia kila siku na kulalamika kwamba ina majani tu ajitazame mwenyewe.

Haibiskasi ni mgonjwa wa baridi. Ni ukoo mmoja na bamia na choya, na kama wenzake haipendi hata baridi isiyofika sakitu: nyuzijoto zikishuka chini ya 10 siku nyingi mfululizo, inasimama kukua, majani yanageuka njano na kudondoka. Mama aliingiza tano zilizopona jikoni, karibu na moto. Wiki moja majani yote chini. Joto lilikuwa la kutosha, shida ni moshi. Moshi wa kuni una gesi ya ethilini, ile ile inayoivisha ndizi mnapozivundika kwa moshi, na kwa mmea wa maua gesi hiyo ni amri ya kudondosha majani. Kama huna pa kuiweka ila ndani, weka sebuleni dirishani. Na tafadhali, asiwepo mtu wa kuwasha jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ili kupasha maua watoto wakiwa wamelala humo. Mkaa unaua watu usingizini bila harufu.

Badala ya moto tunatumia madumu. Dumu la lita 20 lililojaa maji linakaa juani mchana kutwa, jioni linaingia chini ya kifuniko pamoja na miche, na usiku linatoa joto taratibu. Madumu manne kwa tuta la hatua sita. Likiwa jeusi ni bora zaidi.

Plumeria ndiyo iliyonifundisha adabu. Ikisikia baridi inadondosha majani yote na kubaki fimbo nene kama vidole vilivyovimba, na mtu wa kawaida anaona imekufa anaanza kuimwagilia kwa huruma. Hapo ndipo inapooza. Hii moja kweli ifuate mambo ya Ulaya: ikishavua majani, ikae pakavu, chini ya upenu au stoo, na maji karibu na hakuna hadi itoe chipukizi lenyewe. Na ukikata tawi la kupanda, liache kivulini wiki nzima utomvu ukauke na kidonda kifunge kwanza.

Kuhusu mmea ulioungua, msikimbilie kisu. Sehemu iliyokufa ya juu inaikinga ya chini kwa usiku unaofuata, na ukikata Julai unafungua chipukizi kwa sakitu ya Agosti. Subiri Septemba. Kwaruza gome kwa ukucha ukishuka kidogo kidogo. Ukikuta kijani, hapo pana uhai, kata juu yake kidogo. Katika zile 34, kumi na moja mama alikuwa ameshazing'oa na kuzirundika kando. Ni yeye aliyezikwaruza, si mimi.

Mwaka jana alikubali kujaribu tena kwa miche 40, kwa hela yake mwenyewe, bila mkopo, na kwa sharti kwamba wiki ya kwanza ya baridi nije nifunike nikiwa na mikono yangu. Nilikwenda. Miche ilikuwa mbele ya nyumba, kwenye ukuta unaotazama kaskazini, chini ya upenu, kwa sababu upenu nao unazuia joto lisitoroke kwenda angani. Sakitu ilianguka mara nne. Tulipoteza mitatu, yote haibiskasi, yote ya mwisho wa safu ambako blanketi halikufika chini.

Mwaka huu anauza bogenvilia ya miaka miwili shilingi 8,000, na nimemsikia kwa masikio yangu akimkatalia mteja wa gari kubwa aliyetaka haibiskasi sita azipande bondeni. Akamwambia, "Baba, huko zitakufa, chukua bogenvilia mbili uziweke ukutani, upande linakopita jua la Juni." Yule bwana akachukua mbili na dumu akaulizia.

Plumeria tatu zote bado zipo, ziko stoo kwenye ndoo, kila moja fimbo tupu. Hazijawahi kutoa ua hata moja. Jumapili iliyopita nilipopita nilikuta moja imeshikilia bado majani mawili, na mama ameweka kibao kwa mkaa juu ya ndoo: USIMWAGILIE, HATA BWANA SHAMBA.